Maneno Madogo Yanayomtaja Mwandishi

Msomaji aliyekulia kwenye vitabu vya Shaaban Robert hahitaji kuoneshwa jalada. Msomee mistari michache ya Kusadikika au Utubora Mkulima, naye atakutajia mwandishi. Muulize amejuaje, na atataja yanayosikika kwanza: wahusika wanaoitwa kwa sifa zao, kama Adili, Hasidi, Mwivu na Utubora; nchi zilizopewa majina yaliyotokana na vitenzi, Kusadikika na Kufikirika; sentensi zinazopima jambo pamoja na kinyume chake; na mawaidha yanayojitokeza katikati ya kisa. Yote hayo ni kweli, na ni furaha kubwa kuyatambua. Lakini sisi wa elimumitindo, tunaopaswa kusema maandishi fulani ni ya nani, hizo ndizo dalili tunazoziamini kidogo kuliko zote.

Kinachosikika upesi huigwa upesi. Mpe mwanafunzi wa kidato cha nne kazi ya kuandika hadithi kwa mtindo wa Shaaban Robert, naye atamwita shujaa wake Subira na adui yake Inadi, kisha atatia misemo miwili mitatu ya hekima. Mwandishi mwenyewe pia hujua anachopenda, na akitaka kujificha ataanza kwa kuyaacha hayo. Mkono wake huonekana zaidi mahali ambapo yeye hatazami, yaani katika maneno madogo ambayo hakuna msomaji anayeyapigia mstari.

Kisa kilichoithibitisha kanuni hii kilitokea Marekani. Mwaka 1787 na 1788, magazeti ya New York yalichapisha mfululizo wa makala za kuwashawishi wananchi waikubali Katiba mpya. Zikikusanywa zote zinafika 85, na kila moja ilitiwa sahihi ya jina la kubuni, Publius. Nyuma ya jina hilo walikuwapo watu watatu: Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Jay aliandika 5 tu. Mwaka 1804 Hamilton aliuawa kwa risasi katika pambano la bastola na Aaron Burr, akiwa ameacha orodha ya makala alizodai ni zake. Baadaye Madison naye alitoa orodha yake, na orodha hizo mbili hazikupatana. Makala 12 zilibaki zikigombaniwa, na wanahistoria wakabishana juu yake kwa zaidi ya karne moja, kila mmoja akizivuta upande wa shujaa wake kwa hoja za siasa na falsafa.

Mwaka 1941 mwanatakwimu Frederick Mosteller na mwenzake Frederick Williams walijaribu njia iliyoonekana ya busara, kupima urefu wa sentensi. Walihesabu kwa mikono, sentensi kwa sentensi, katika makala ambazo mwenyewe alijulikana bila ubishi. Sentensi ya Hamilton ilikuwa na wastani wa maneno 34.55, na ya Madison 34.59. Wote wawili walisomea uandishi uleule wa karne ya 18, wakazoea pumzi moja. Kazi yote ile haikuwatenganisha hata kidogo.

Miaka ikapita. Mwanahistoria Douglass Adair akamwandikia Mosteller kumweleza jambo alilolinasa katika kusoma kwake: pale panapohitajika neno la kuonesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, Hamilton huandika while na Madison huandika whilst. Maana ni ileile, tofauti ni tabia tu. Hapo mlango ulifunguka. Mosteller aliungana na David Wallace wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakaanza kuhesabu maneno ambayo kamusi huyapa mstari mmoja na kuyapita. Waligundua kwamba Hamilton hutumia upon takriban mara 3 katika kila maneno 1,000, ilhali kwa Madison neno hilo halifiki hata mara 1. Wakakusanya maneno 30 ya aina hiyo, wakayapima kwa kanuni ya uwezekano ya Bayes, na mwaka 1964 wakachapisha hukumu yao. Makala zote 12 zilielekea kwa Madison, nyingi kwa uzito mkubwa mno, na namba 55 peke yake ikawa na ushahidi hafifu kiasi.

Ninavutiwa hasa na barua ya Adair. Mashine za kuhesabia na kanuni za hisabati zilifanya kazi kubwa, lakini dalili ya kwanza ilitoka kwa mtu aliyesoma waandishi wawili kwa muda mrefu mpaka sikio lake likaanza kumnong'oneza. Msomaji anayempenda mwandishi wake yuko nusu ya njia ya utaalamu huu. Kilichobaki ni kuligeuza sikio lisikilize kitu kingine.

Kwa nini maneno madogo? Kwanza, hayategemei mada. Mtu akiandika juu ya kodi, mapenzi au uvuvi wa dagaa, bado atahitaji kwamba, lakini, kwa sababu na mpaka. Pili, hurudi mara nyingi, kwa hiyo kurasa chache zinatosha kutoa hesabu ya maana. Tatu, hayachaguliwi kwa makusudi. Mwandishi anaweza kukaa robo saa akitafuta kivumishi kimoja, lakini hakuna anayekaa robo saa akiamua kati ya lakini na ila. Hutoka yenyewe, kama mwendo wa mtu unaomfanya atambulike kutoka mbali kabla uso haujaonekana.

Hii haina maana kwamba maneno makubwa hayasemi kitu. Mwaka 2017 mwandishi Ben Blatt alitoa kitabu kilichochambua waandishi mashuhuri kwa kompyuta, akaonesha kwamba Vladimir Nabokov alikuwa na neno lake pendwa, mauve, rangi ya zambarau iliyofifia, alilolitumia kupita kiasi cha kawaida cha Kiingereza. Zingatia maneno hayo, kupita kiasi cha kawaida. Ukihesabu tu bila kulinganisha, utatangaza kwamba neno pendwa la kila mwandishi wa Kiswahili ni na au ya. Hesabu ya mwandishi haina maana mpaka iwekwe kando ya hesabu ya wenzake wa wakati wake, walioandika kazi za aina moja na yake. Kwa Nabokov, ambaye mwenyewe alieleza kwamba huziona herufi kwa rangi, mauve inatuambia alichokuwa anakitazama. Maneno madogo yanatuambia nani anatazama.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapa mambo yananoga kuliko Kiingereza. Lugha yetu imejaa njia pacha. Chukua sentensi hizi mbili nilizozitunga: "Mgeni aliyefika jana alisema kwamba hatarudi mpaka mvua zikatike." "Mgeni ambaye alifika jana alisema kuwa hatarudi hadi mvua zikatike." Habari ni moja, na mwalimu wa sarufi atazipa zote alama ya vema. Lakini katika mstari mmoja tu, waandishi hawa wamekwisha kuachana mara tatu: aliyefika na ambaye alifika, kwamba na kuwa, mpaka na hadi. Ongeza wanaopenda ya kuwa, ongeza iwapo, ikiwa, endapo na kama, ongeza kwani, maana, kwa kuwa na kwa sababu, ongeza kisha, halafu na baadaye, na utaona jinsi kila ukurasa unavyomlazimisha mwandishi kujitaja bila kujua.

Tena sehemu kubwa ya ushahidi wetu haimo katika maneno yanayosimama peke yake, imefichwa ndani ya kitenzi. Kuna msimulizi anayesukuma kisa kwa -ka-: akaamka, akavaa, akatoka. Mwingine husema alipoamka alivaa, kisha akatoka. Wa tatu atasema aliamka, alivaa na kutoka. Kuna anayesema mama huamka alfajiri na anayesema mama anaamka alfajiri, akimaanisha desturi ileile. Mimi nikipewa hadithi mbili ambazo wenyewe hawajulikani, -ka- ndiyo ninayoitafuta kwanza, kwa sababu hubeba mapigo ya usimulizi, na mapigo hayo mtu huyapata kwa waliomsimulia hadithi utotoni, kabla hajajua kuandika.

Jambo hili linaleta ugumu wa kiufundi ambao mbinu za Kiingereza hazikuufikiria. Kompyuta inayohesabu maneno kwa kutazama nafasi kati yake itaona alipofika, walipofika na nilipofika kuwa maneno matatu yasiyohusiana, na tabia ya mwandishi wa kupenda -po- itatawanyika isionekane. Ni lazima kitenzi kikatwe kwanza katika viambishi vyake, ama itumike njia ya kuhesabu vifungu vya herufi badala ya maneno. Njia hiyo ya pili ilipata umaarufu Julai 2013, gazeti la Sunday Times lilipodokezwa kwamba riwaya ya upelelezi ya mwandishi mpya, Robert Galbraith, iliandikwa na J.K. Rowling. Gazeti liliwaendea wataalamu wawili, Patrick Juola wa Chuo Kikuu cha Duquesne huko Pittsburgh na Peter Millican wa Oxford. Miongoni mwa vipimo vya Juola kilikuwamo cha vifungu vya herufi nne nne, pamoja na urefu wa maneno, maneno 100 yanayorudi zaidi na jozi za maneno. Aliilinganisha riwaya hiyo na kazi za Rowling na za waandishi wengine wa kike wa Uingereza. Si kila kipimo kilimtaja Rowling peke yake, lakini yeye ndiye ambaye hakuna kipimo kilichomkataa. Rowling akakiri. Kwa lugha inayoambatisha viambishi kama yetu, vifungu vya herufi vina faida kubwa: alipofika, walipofika na nilipofika yote yana lipo ndani yake, na hapo -po- haipotei tena.

Kuna upande mwingine wa hesabu hizi unaonigusa zaidi. Ian Lancashire na Graeme Hirst wa Chuo Kikuu cha Toronto walizichunguza riwaya za Agatha Christie za tangu ujana wake hadi uzeeni. Katika Elephants Can Remember, iliyotoka mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 82, akiba yake ya maneno ilikuwa imepungua sana ikilinganishwa na vitabu vya awali, na maneno yasiyotaja kitu mahususi, mfano wa kitu na jambo, yameongezeka. Christie hakuwahi kutangazwa kuwa na maradhi ya usahaulifu, nao wachunguzi walitoa dhana tu. Lakini Iris Murdoch aligunduliwa kuwa nayo baada ya riwaya yake ya mwisho ya mwaka 1995, na uchunguzi ulioongozwa na Peter Garrard, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta hali ileile: miundo ya sentensi imesimama imara, msamiati umepungua. Anayerudia vitabu vya mwandishi wake kwa mfuatano wa miaka huenda aliwahi kuuhisi upungufu huo akadhani ni uchovu wake mwenyewe.

Kuna mahali hesabu hizi zinadanganya. Ushairi wa mizani ni mfano mzuri. Kwamba na kuwa zina silabi mbili mbili, kwa hiyo mshairi akichagua moja, amechagua kwa tabia. Lakini mpaka ina silabi tatu na hadi ina mbili, na ila, lakini na walakini zinapanda ngazi kutoka mbili hadi nne. Hapo huenda ni mizani iliyochagua. Anayemchunguza mshairi sharti atenge maneno yanayolingana silabi, ahesabu hayo tu, na mengine ayatie shakani.

Halafu kuna mikono ya watu wengine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalikusanywa miongo kadhaa baadaye na William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, kisha William Hichens akayachapisha kama diwani mwaka 1940. Kati ya kinywa cha mshairi na ukurasa tunaousoma wamepita wenye kukariri, wenye kunakili na wenye kuhariri. Mnakili wa zamani aliheshimu vina na mizani, maana kosa hapo lingesikika, lakini viunganishi na maneno ya lahaja aliweza kuyaandika kwa mazoea yake, na nti ikageuka nchi, mato yakageuka macho. Tukiulizwa leo kama shairi fulani lililoambatishwa kwa Muyaka ni lake kweli, picha na kejeli tunaweza kuzijadili, ila maneno madogo tunayapokea yakiwa yamepitia mikono mingi mno.

Riwaya za sasa nazo hazijasalimika. Mhariri anayebadili kila ambaye alifika kuwa aliyefika, au kila hata kuwa mpaka, kwa jina la usanifu, anaisawazisha sauti ya mwandishi na sauti ya nyumba ya uchapishaji. Makosa yasahihishwe, hilo sina ubishi nalo. Njia pacha zilizo sahihi zote mbili ziachwe kama mwandishi alivyozileta, na mswada wake wa kwanza utunzwe pamoja na kitabu kilichotoka, kwa sababu huo ndio utakaoulizwa siku maandishi yasiyo na mwenyewe yatakapoletwa mezani.