Virunga: Santuri Moja, Majina Mawili

Mwaka 1982 ilitoka Nairobi santuri ndefu ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga. Jalada lake lilikuwa na jina la Kiingereza, It's Disco Time. Mwaka 1990 kampuni ya Earthworks ya Uingereza iliitoa upya kwa jina jingine, Virunga Volcano. Muziki ni ule ule. Kilichobadilika ni jina, na pamoja na jina amebadilika msikilizaji anayeitwa. Sisi wanafunzi wa lugha tunahusika, kwa sababu nyimbo hizi ni ushahidi wa namna lugha zetu zilivyotumika wakati fulani. Anayezinukuu kwa kutazama jalada la 1990 peke yake amekwisha kupotea kwa miaka minane.

Tuanze na majina ya bendi zenyewe. Mapangala alizaliwa Matadi, upande wa magharibi wa nchi, akaimba Kinshasa, kisha akaelekea mashariki hadi Uganda. Mwaka 1977 alifika Nairobi na bendi iliyoitwa Les Kinois. Kinois kwa Kifaransa ni mtu wa Kinshasa. Jina hilo lilitosha kuwa tangazo: lilimwahidi mchezaji wa Nairobi rumba ya mji mkuu, yenye Kilingala chake. Bendi hiyo ilipovunjika, Mapangala aliunda nyingine mwaka 1981 na kuiita Virunga, kwa jina la milima ya mashariki. Hivyo jina lilihama kutoka mji wa Kilingala hadi milima ambayo watu wanaoishi chini yake huzungumza Kiswahili sokoni. Mwimbaji mwenyewe hakuacha Kilingala. Aliendelea kuimba kwa lugha zote mbili. Lakini jina jipya lilimsogeza karibu na wasikilizaji wake wa Kenya, Uganda na Tanzania.

Santuri ya 1982 inaonyesha mpito huo katika muziki pia. Nyimbo nyingi za Nairobi wakati huo ziliuzwa katika sahani ndogo za mizunguko 45. Wimbo ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma, na mara nyingi chemko ndilo lililoangukia nyuma. Santuri ndefu iliondoa kisu hicho. Katika santuri hii nyimbo ni chache na ndefu. Malako, uliopendwa kuliko nyingine, unawapa magitaa na saksafoni nafasi ya kutembea bila kukatwa. Hii ni rumba inayokwenda kwenye ukumbi wa disko, na jina It's Disco Time lilisema hivyo waziwazi. Kiingereza cha jalada hakikueleza lugha ya nyimbo. Kilieleza mahali pa kuzichezea.

Sasa tuitazame Virunga Volcano. Katika Kinyarwanda, ikirunga ni mlima wa moto, na wingi wake ni ibirunga. Kiswahili kimelipokea neno hilo bila irabu ya mwanzo na kwa kiambishi vi-, kama kiti na viti: kirunga, virunga. Kwa hiyo aliyetunga jina la 1990, akijua au asijue, aliandika kitu kama “volkano ya volkano”, ya kwanza ikiwa katika wingi na ya pili katika umoja. Msomaji wa Uvira, ambaye huenda kila siku anasikia Kinyamulenge au Kirundi, anaona rudufu hiyo mara moja. Msomaji wa London haoni. Kwake Virunga ni sauti ngeni, na Volcano ndiyo maana: Afrika, moto, mlipuko. Jina la kwanza lilimwita mtu wa Nairobi aingie kucheza. La pili lilimwita mtu wa Ulaya aje kutazama mandhari.

Kwetu milima hiyo si mandhari tu. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na kila mara watu wa kaskazini mwa Ziwa Kivu walikimbia. Ni mawe yaliyoyeyuka ya Virunga yaliyoziba njia ya zamani ya maji kuelekea kaskazini, hata Ziwa Kivu likamwaga maji yake kusini kwa mto Ruzizi, unaoingia Tanganyika hapa kwetu. Neno lenye historia nzito hivi halipaswi kubaki pambo la jalada.

Hata hivyo, tusiwalaumu waliotoa upya. Santuri za Nairobi zilichakaa na kuwa adimu. Bila toleo la 1990 wengi wetu tusingeisikia santuri hii kabisa. Tatizo ni kuchukua toleo jipya kana kwamba ndilo asili. Mwanafunzi anayetaka kutumia wimbo kama data ajiulize mambo matatu.

Kwanza, wimbo ulirekodiwa lini? Tarehe ya lugha ni tarehe ya studio, si ya kiwanda kilichochapa upya. Pili, nani aliyeupa jina, na kwa ajili ya nani? Jina la albamu ni maneno ya muuzaji mara nyingi kuliko ya mtunzi. Tatu, nani aliyeandika maneno, na kwa tahajia gani? Wimbo wa Mapangala wa baadaye, Dunia Tunapita, huonekana pia ukiandikwa Tuna Pita. Ukiuamini mwandiko huo utahesabu maneno mawili mahali ambapo sarufi ina kitenzi kimoja chenye kiambishi cha nafsi, cha wakati na mzizi. Sikio la mwimbaji halina kosa. Mkono wa mchapaji ndio uliokata.

Maswali haya yanatupa kazi. Tunajifunza isimu kwa mifano ya vitabu vilivyoandikwa mbali, huku Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kilichochanganyika na Kilingala kikiwa kimehifadhiwa katika kanda na santuri nyumbani kwa wazee wetu. Matoleo mapya yanaokoa sauti, lakini hayaandiki maneno ya nyimbo wala hayaelezi ni wapi mwimbaji anatoka lugha moja na kuingia nyingine. Hilo lahitaji mtu anayezisikia lugha zote mbili bila mkalimani, na katika fakulte hii watu hao wamejaa madarasani. Kila mmoja akiandika maneno ya wimbo mmoja tu, akaweka mwaka wa kurekodiwa na jina lake la kwanza, watakaotufuata hawatalazimika kuanza na jalada.