Zamu, Wala Si Pointi: Takwimu za Ushindi katika Mpira wa Vikapu

Aghalabu mashabiki wa mpira wa vikapu huipima timu kwa wastani wa pointi inazofunga katika kila mchezo. Kipimo hicho hupotosha. Timu ichezayo mbio hufunga nyingi na kufungwa nyingi. Ichezayo polepole hufunga chache na kufungwa chache. Wastani huo basi waweza kutuonyesha kasi ya mchezo kuliko umahiri wa wachezaji.

Mwanatakwimu wa Marekani, Dean Oliver, katika kitabu chake Basketball on Paper (2004), alikitumia kipimo kingine: zamu. (Wapo watakaopendelea "umiliki", lakini kwangu neno hilo linanukia hati za mashamba.) Zamu huanza timu inapoupata mpira na kukoma mpinzani anapoutwaa. Timu ikikosa kikapu kisha ikaunyakua tena mpira huo, zamu bado ni yake. Na kwa kuwa zamu ya huyu hufuatwa na ya yule, timu mbili humaliza mchezo zikiwa na zamu zinazokaribia kulingana. Tuchukulie kwamba timu moja imefunga pointi 110 kwa zamu 110, ilhali nyingine, katika mchezo tofauti, imefunga 100 kwa zamu 90. Ya pili ndiyo iliyoshambulia vyema zaidi.

Ni nini basi huipa zamu thamani? Oliver alitaja mambo manne, akayakadiria uzito: ulengaji asilimia 40, kutopoteza mpira 25, kunyakua mipira iliyokosa kikapu 20, na mitupo huru 15. Yote hupimwa katika kushambulia na katika kulinda.

Ulengaji wenyewe wahitaji hesabu ya uangalifu. Mchezaji atupaye mara 10 ndani ya mstari na kupata 5 huvuna pointi 10. Mwenzake atupaye mara 10 kutoka nje ya mstari na kupata 4 tu huvuna 12. Wa kwanza husifiwa kwa shabaha. Wa pili ndiye mwenye faida. Ligi ya NBA iliukubali mtupo wa pointi 3 mwaka 1979, lakini ilichukua miongo kadhaa kabla ya makocha kuizingatia hesabu hii nyepesi.

Houston Rockets waliizingatia kupita wote. Katika msimu wa 2017–18 walikuwa timu ya kwanza ya NBA kutupa mitupo mingi ya pointi 3 kuliko ya pointi 2, wakashinda michezo 65 kati ya 82. Kisha, Mei 2018, katika mchezo wa saba wa fainali ya Kanda ya Magharibi dhidi ya Golden State Warriors, walikosa mitupo 27 mfululizo ya pointi 3. Wapo waliodai kwamba takwimu zimeumbuka. Dai hilo silikubali. Kwa wastani wao wa msimu, mitupo 44 waliyojaribu usiku huo ingetarajiwa kuzaa vikapu 15 au 16. Walipata 7, wakashindwa kwa pointi 9.