Je, Wajua? Katamarani za Watalii Huuzwa Zikiwa Bado Changa

Je, wajua kwamba katamarani nyingi za mitumba zinazouzwa katika visiwa vya Karibi zilianza maisha kwa kukodishiwa watalii? Mtu hununua mashua mpya, kisha huikabidhi kwa kampuni kama The Moorings, iliyoanzishwa Tortola, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, mwaka 1969, iikodishe kwa niaba yake. Mkataba ukiisha, mara nyingi baada ya miaka mitano hivi, wengi huiuza. Zile za chapa ya Leopard huundwa Cape Town, Afrika Kusini.

Wanunuzi huogopa saa nyingi ambazo injini za mashua hizi zimeshafanya kazi. Hofu hiyo imezidi: injini ya dizeli iliyobadilishwa oili kwa wakati huweza kuwa nzima kuliko iliyolala bandarini miaka. Hatari kubwa imejificha ndani ya sitaha. Kati ya matabaka mawili ya faibaglasi huwekwa ubao mwepesi wa balsa au povu gumu, na maji yakipenya kwenye tundu la skrubu, balsa huoza bila kuonekana juu. Mkaguzi hupita akigonga kwa nyundo ndogo: palipo pazima hulia kwa ukali, palipoachana matabaka hutoa mlio mzito, uliofifia.

Septemba 2017, kimbunga Irma kiliharibu mamia ya mashua katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Baadhi zilikarabatiwa na kurudi sokoni. Ukipewa mashua ya miaka hiyo, dai kumbukumbu za matengenezo, na mkaguzi mtafute mwenyewe, usimpokee wa muuzaji.