Je, Wajua? Nguo Hununuliwa na Macho Kwanza

Je, wajua kwamba kanga hujitangaza yenyewe? Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina upande wa chini wa mji. Muuzaji mzoefu huikunja doti jina likabaki juu, au huitundika kambani mpita njia apate kulisoma kabla hajauliza bei. Akishasimama kusoma, biashara imeanza. Duka linalorundika kanga hadi darini, ikaonekana mikunjo mitupu, linajinyima riziki.

Je, wajua kwamba mtindo wa kanga waliubuni wanunuzi? Inasimuliwa kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliacha kununua leso moja moja. Walikatiwa sita kwa pamoja kutoka kwenye jora, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga zikawa shuka moja pana. Wafanyabiashara walipoona wanawake wamevaa nini, ndipo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa hivyo. Waliotangulia kuionyesha nguo hiyo mitaani ni wavaaji wenyewe.

Je, wajua alama ya “Mali ya Abdulla” kwenye kanga? Ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Majina ya kanga hapo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja ya herufi za Kirumi.

Je, wajua kwamba Mji Mkongwe wa Unguja una milango iliyotengenezwa kwa ajili ya kuonyesha mali? Ni ile ya Kigujarati, yenye mbao nyingi zinazokunjana. Asubuhi ikikunjwa, upande mzima wa duka unakuwa wazi, na bidhaa zinatazamana na mtaa bila kioo chochote katikati.

London ilichukua njia ya kioo. Harry Gordon Selfridge alipofungua duka lake Oxford Street mwezi Machi 1909, aliacha taa za madirisha zikiwaka hata baada ya kufunga, watu wakawa wanakwenda usiku kutazama tu. Na je, wajua kwamba L. Frank Baum, Mmarekani aliyeandika hadithi ya mchawi wa Oz, alianzisha mjini Chicago mwaka 1897 jarida la wapambaji wa madirisha ya maduka?

Sasa tuje Kojani, kisiwa cha wavuvi mashariki mwa Pemba, katika Wilaya ya Wete. Nyumba zimebanana, njia ni nyembamba, na bidhaa za duka hutoka ng'ambo ya maji. Wanaume wengi huenda dago, wakavua mbali na kwao kwa wiki au miezi. Kwa hiyo duka la nguo hapa lina majira yake: vyombo vikirudi na Idi ikikaribia, fedha zinaonekana. Mwenye duka anayetundika mali mpya baada ya hapo amechelewa. Na pahala penye kichochoro, ambapo mtu hawezi kurudi nyuma atazame vizuri, doti moja iliyofunguliwa mlangoni huvuta macho kuliko kumi zilizobanwa pamoja.

Je, wajua kwamba hatua za mwanzo ndani ya duka ni kama hazipo? Paco Underhill, mtafiti wa Marekani, alieleza katika kitabu chake Why We Buy (1999) kwamba mteja anayeingia bado anauzoea mwanga na mahali, na vilivyo karibu kabisa na mlango humpita. Pwani jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mtu anatoka kwenye jua kali na kuingia kwenye kivuli. Nguo za rangi nzito kama kaniki au buibui zikiwekwa hapo hazionekani kabisa. Mlangoni pataka rangi kali; nyeusi iingie ndani, chini ya taa.

Je, wajua kwamba taa inaweza kukuuzia rangi usiyoitaka? Chini ya balbu ya manjano, buluu iliyokolea na nyeusi hufanana. Ndiyo maana mnunuzi hutoka na nguo hadi mlangoni kuitazama kwenye mwanga wa jua. Asizuiwe, ni haki yake.

Mambo mawili ya haraka. Jua hupausha rangi, basi doti ya maonyesho ibadilishwe mara kwa mara. Hewa ya chumvi huleta kutu, na henga ya chuma iliyoshika kutu huacha doa kwenye bega la kanzu nyeupe. Tumia ya mti au ya plastiki.

Kofia ya kushonwa kwa mkono nayo isifichwe ndani ya boksi. Ifuliwe, itiwe wanga, ivishwe kwenye kibao ikauke ikiwa imesimama, kisha iwekwe palipo na mwanga nyuma yake. Hapo kila kitundu kinaonekana, na mnunuzi anaona kwa macho yake kazi ya mikono anayoilipia.

Wenye maduka wa Kojani, kabla ya Idi tokeni nje msimame njiani anaposimama mteja. Doti ambayo jina lake halisomeki kutoka hapo, ishusheni au igeuzeni.