Bastola Ndogo na Mzigo Wake

Wiki hii nataka tuzungumzie kitu ambacho wenye nacho hawapendi kukitaja hadharani, nacho ni bastola. Nasema ile ndogo ya risasi za milimita 9, inayojipakia yenyewe kila inapofyatuliwa na kufichika chini ya shati. Nimezungumza na baadhi ya wamiliki halali wa Kibondo na Kasulu, wengi wao wafanyabiashara, na waliyonieleza yanamfaa kila anayefikiria kuinunua, hata aliye mjini.

Kwanza tujue kwa nini waliitafuta. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, na vita kuzuka Zaire mwaka 1996, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Kigoma. Wakimbizi walikuwa wakiikimbia bunduki, lakini bunduki nazo zilivuka kwa njia zake. Majambazi wakateka magari katika barabara ya Kibondo na Kasulu, hata mabasi yakawa yanasindikizwa na askari. Aliyebeba fedha za mazao akaona heri naye awe na cha kujitetea.

Je, iliwasaidia? Mzee mmoja mnunuzi wa maharage pale Makere alinijibu huku akicheka: "Mwanangu, wao wanne wamelala porini na SMG, mimi nimebanwa kiti cha mbele. Nitaitoa saa ngapi?" Hesabu yake ni sahihi. SMG hufika mita mia tatu. Bastola yenye mtutu wa sentimita kama 10, mkononi mwa asiye na mazoezi, ni silaha ya umbali wa chumba tu.

Tena udogo wenyewe una gharama. Mpini mfupi haujazi kiganja, na silaha nyepesi hupiga teke zaidi. Mkono ukilegea, ganda la risasi hukwama. Vumbi jekundu la Kasulu likichanganyika na jasho la kiunoni na mafuta mengi, hukwama vilevile. Wazoefu huisafisha mara kwa mara na kuipaka mafuta kidogo tu.

Lakini kubwa kuliko yote ni chemba. Mama mmoja mwenye duka Kibondo alinionyesha tundu kwenye bati la nyumba yake. Mumewe alichomoa magazini, akaamini bastola ni tupu, akavuta triga. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Ndugu msomaji, magazini ikitoka, risasi iliyokwisha kuingia chemba hubaki palepale. Kwa hiyo elekeza mtutu pasipo na mtu, chomoa magazini, ndipo uvute nyuma sehemu ya juu na kutazama chemba kwa macho yako. Ukianza kuvuta kabla ya kuchomoa magazini, utatoa risasi moja na kupakia nyingine.

Sheria nayo haina mzaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inampa leseni mtu, haiipi familia. Bastola hairithiwi kama shamba. Mwenyewe akifariki, ipelekwe polisi, na ikiibwa, taarifa itolewe mara moja. Mwaka 2016 wamiliki walipoamriwa kupeleka silaha zao kuhakikiwa, wako walionung'unika kwamba wanasumbuliwa. Mimi siwaungi mkono. Bastola iliyoibwa chini ya mto leo ndiyo itakayosimamisha basi kesho.

Basi, kabla ya kujaza fomu, jiulize: nina kasha la chuma lenye kufuli? Nani mwingine anajua ufunguo ulipo? Nitajifunza wapi kulenga shabaha, na nani atanifundisha? Asiye na majibu hayo atakuwa amenunua hofu nyingine na kuiweka ndani, karibu na watoto wake.