Kahawa Chungu ya Pemba na Adabu ya Kuionja

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watengenezaji wadogo wa bia ambao, kwa kutotosheka na ladha iliyozoeleka, huitia bia yao nyeusi mdalasini, iliki, karafuu au hata kahawa, na wateja wao huketi wakainusa na kuionja funda kwa funda, wakijadiliana juu ya kila harufu kama wajadilivyo wanazuoni mas'ala ya elimu. Kisiwani Pemba, ambako takriban watu wote ni Waislamu, kileo hakina nafasi barazani. Walakini kinywaji cheusi, kichungu na chenye viungo, kinachostahiki kuonjwa kwa makini yayo hayo, kipo tangu zama za mababu, nacho ni kahawa.

Weusi na uchungu wa vinywaji vyote viwili asili yake ni moto. Bia hiyo hupata rangi yake kwa shayiri iliyokaangwa hadi ikapiga weusi, na kahawa hali kadhalika kwa buni. Buni aghalabu huvushwa kutoka bara: ile ya Bukoba, ambayo zaidi ni robusta, ina uchungu mzito, ilhali ile ya Kilimanjaro, iliyo arabika, ina ukali mwepesi na harufu laini. Hukaangwa huku ikikorogwa pasi na kusita, kisha hutwangwa kinuni. Na mkaangaji akighafilika kitambo kidogo tu, buni huungua ikawa na ladha ya majivu, wala hakuna kiungo kitakachoitengeneza tena.

Baada ya moto huja viungo: tangawizi, iliki, mdalasini na karafuu. Hii ya mwisho ndiyo fahari ya Pemba, kwani kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangamiza mikarafuu mingi ya Unguja na kuisalimisha ya Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huku. Nguvu yake imo katika mafuta yaitwayo eujenoli, ambayo hutia ganzi ulimi na hutumiwa na matabibu kutuliza maumivu ya meno. Kwa hiyo chembe chache zatosha dele zima, na mwenye kuzikithirisha huizika kahawa yenyewe.

Muuza kahawa huimimina ingali moto, kutoka dele lililokaa juu ya makaa, katika kikombe kidogo kisicho mkono. Mvuke hutangulia na harufu ya iliki. Funda la kwanza huleta uchungu wa buni. Likishuka, tangawizi huwasha koo. Na mwisho kabisa karafuu husalia kinywani. Sukari haitiwi, kwa kuwa utamu una mahali pake, katika kashata au halua iliwayo kando.

Basi, ewe msomaji, ukijaaliwa kufika Wete au Chake Chake, ionje kahawa kwanza kabla hujagusa kashata, na ukiona viungo vimeifunika, mwambie muuzaji kwa adabu, na ikiwa nzuri, msifu. Kwa maana ufundi huu utadumu maadamu wako wanywaji wajuao kupambanua kahawa njema na mbovu.