Kabla upepo haujaanza: asubuhi na heroe wa Singidani

Saa 12 na nusu asubuhi, kabla upepo wa Singida haujaanza kuvuma, Ziwa Singidani huwa limetulia tuli. Hiyo ndiyo saa ya kwenda na watoto. Ikishafika saa 4 vumbi linaingia machoni, maji yanachafuka, ndege wanahamia ng'ambo, na mtoto wa miaka 5 anaanza kuulizia chai.

Jumamosi tulikwenda wanne: mimi, mwanangu wa darasa la kwanza na wapwa zangu wawili. Mkubwa wao ana miaka 9, na alikuja na manati mfukoni. Sikumnyang'anya. Nilimwambia aiache humohumo mfukoni mpaka turudi nyumbani.

Manati ile ina asili yake. Mtoto wa Singida hajaanza leo kumtazama ndege. Wazazi na babu zetu walikulia juu ya madungu, katikati ya mashamba ya mtama na uwele, wakiamia ndege tangu jua linachomoza mpaka linazama, kombeo mkononi na debe bovu pembeni. Adui mkubwa alikuwa kwelea kwelea, kidege chenye uzito wa gramu 20 hivi, ambacho kundi lake la milioni moja linaweza kumaliza tani 10 za nafaka kwa siku moja. Aliyewahi kuamia anamjua ndege kwa mlio, kwa namna anavyokata kona angani, hata kwa saa anayoshuka shambani. Huo ni ujuzi mkubwa, na wazee wetu hawakuupata darasani. Leo watoto wengi wa mjini hawaamii tena. Kilichobaki mikononi mwao ni manati, bila shamba la kulinda.

Ndiyo maana nasema tuwape sababu nyingine ya kumtazama ndege, na mahali pa kuanzia tunapo hapa hapa mjini. Manispaa ya Singida ina maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Maziwa haya yamo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege inayotambuliwa na shirika la kimataifa la BirdLife. Wapo watu wanaovuka bahari na kulipa fedha nyingi ili wamwone heroe. Sisi tunampita tukienda sokoni.

Heroe, ambaye wengi tumezoea kumwita flamingo, ndiye aliyewashika watoto asubuhi ile. Tulikaa juu ya jiwe, kimya, kwa dakika kumi nzima, jambo ambalo sebuleni halijawahi kutokea. Kisha mpwa wangu mdogo akauliza:

"Mjomba, mbona wanakula vichwa chini juu?"

Ni kweli. Heroe huinamisha shingo mpaka mdomo wake unageuka, sehemu ya juu ikawa chini. Ulimi wake hufanya kazi ya pampu: unavuta maji na kuyasukuma nje mara nyingi kwa sekunde moja, na kando ya mdomo mna vichujio laini vinavyobakiza chakula. Heroe mdogo, yule anayekuja kwa wingi katika maziwa yetu ya magadi, chakula chake kikubwa ni mwani mdogo usioonekana kwa macho. Rangi yake ya waridi inatoka humo humo kwenye mwani, na ni ya ukoo mmoja na ile inayoifanya karoti iwe karoti. Kifaranga wake huzaliwa wa kijivu.

Na hazaliwi hapa. Heroe wadogo wengi wa Afrika Mashariki huanguliwa Ziwa Natron, kaskazini mwa nchi yetu. Inakadiriwa kuwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliana katika ziwa hilo moja. Jike hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha matope katikati ya magadi yanayounguza ngozi, mahali ambapo fisi haendi. Nilipowaeleza hayo, mwanangu alinyamaza, halafu akauliza kama yai likivunjika mama yake anapata jingine. Nilimwambia ukweli: mara nyingi mpaka msimu mwingine, na misimu mingine hawatagi kabisa.

Hatukuwa na darubini. Kwa watoto wadogo haihitajiki sana. Wanahangaika nayo na ndege anaondoka. Tulikuwa na daftari, penseli, chupa ya chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Kila mmoja alichagua ndege mmoja wa kumfuatilia. Mkubwa alimchagua mwari, kwa sababu ya lile fuko la mdomoni. Mwanangu alimpenda ndege mweusi kwa mweupe mwenye miguu mirefu myembamba ya waridi, anayetembea majini kama anaogopa kulowa. Sikulijua jina lake kwa Kiswahili, wakampa lao: "Fundi Vijiti". Limeandikwa kwenye daftari na litabaki hivyo.

Tulipoteremka ukingoni, kwenye matope yaliyokauka na kuacha ukoko mweupe, tulikuta nyayo: vidole vitatu vilivyounganishwa kwa ngozi kama vya bata. Watoto walizipima kwa penseli na kuzichora. Hatua chache mbele tukaokota unyoya mmoja wa waridi. Na hatua chache tena, mifuko ya plastiki na chupa tupu.

Kwa wenzetu wa Nairobi, tangu mwaka 1971, watu hukutana kila Jumatano asubuhi kwenye viwanja vya makumbusho kwenda kutazama ndege. Mama Fleur Ng'weno ndiye aliyeyaanzisha matembezi hayo, na yamelea watazamaji wa ndege wengi wa Kenya. Hakuna jengo lililohitajika. Ilihitajika siku moja isiyobadilika na mtu mmoja wa kutangulia. Hapa kwetu Malihai Clubs zimekuwa zikiwafundisha wanafunzi uhifadhi tangu 1980. Walimu wa Singida wana pa kushikia.

Naomba mambo machache kwa wazazi. Msiwaache watoto wakimbilie kundi ili lipae. Inapendeza kwa picha, lakini heroe aliyekatishwa kula anatumia nguvu alizokuja kuzitafuta. Mtoto asiingie majini wala asiachwe peke yake ukingoni. Saa moja inatosha. Na mkirudi, rudini na taka mlizozikuta, siyo zenu tu.

Mpwa wangu manati bado anayo. Lakini hakuitoa mfukoni asubuhi nzima, na ukurasa wake wa daftari umejaa mwari.

Heroe hawakai mwaka mzima. Maji yakizidi au mwani ukipungua, huondoka usiku, na asubuhi ziwa linabaki tupu. Mzazi wa Singida, usisubiri likizo. Mpeleke mtoto Jumamosi hii, mapema, kabla upepo haujaanza.